Mjadala: Bunge liliidhinisha jeshi, au lilibariki lililokwisha kutendeka?

Msomaji wa Kisauni: Ndugu zangu, tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni na baadhi yao kuuawa kwa risasi, Waziri wa Ulinzi Aden Duale alitangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba Jeshi la Ulinzi la Kenya limetumwa kuwasaidia polisi. Alitegemea Kifungu cha 241(3)(b) cha Katiba, ambacho huzungumzia dharura na maafa na hudai ripoti tu kwa Bunge la Kitaifa. Aya ya (c) ndiyo inayotaja ghasia, nayo hairuhusu askari kutumwa ila kwa idhini ya Bunge hilo. Wabunge walipiga kura tarehe 26. Nauliza hivi: ikiwa ilikuwa dharura, idhini ilitafutwa ya nini? Na ikiwa zilikuwa ghasia, idhini ilichelewaje nyuma ya askari?

Mzee wa Gilgil: Nilivaa sare kwa miaka ishirini na mitatu, kwa hivyo nitasema kama mtu aliyewahi kuamriwa, wala si kama mtu aliyesoma vifungu akiwa kitandani. Nyumba inapowaka, jirani mwenye ndoo hangoji kikao cha wazee kimruhusu kumwaga maji. Siku ile moshi ulionekana Bungeni na wabunge wenyewe walikuwa wamekimbia. Nani angekaa kupiga kura?

Bi Mkubwa wa Likoni: Shikamoo mzee wangu. Habari za jeshi na maji tunazijua tangu shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013, tulipoonyeshwa kwenye kamera askari wakitoka dukani na mifuko mikononi, kisha mkuu wa majeshi akatueleza kwamba walichukua maji ya kunywa. Ndoo yako naiogopa.

Mzee wa Gilgil: Marahaba, ingawa sikutarajia salamu na tusi katika pumzi moja. Watu 67 waliuawa na magaidi katika jengo lile, na wewe unakumbuka mifuko! Waliopatikana na hatia walifukuzwa jeshini. Je, unajua ni vijana wangapi wa jeshi hilohilo waliolala Somalia ili wewe ulale Likoni? Usiwapake wote matope ya wachache.

Bi Mkubwa wa Likoni: Sikuwapaka wote. Nimeuliza kuhusu waliotumwa mjini, maana aliyefunzwa kumwona aliye mbele yake kuwa adui hawezi kuvuliwa mafunzo hayo kwa tangazo la Gazeti Rasmi.

Kondakta Mstaafu: Kwa kuwa mmeshafika Westgate, msisahau lililo zito zaidi kuliko mifuko. Kikosi maalumu cha polisi kilikuwa ndani tayari, jeshi likaingia, na afisa wa polisi akauawa kwa risasi iliyoripotiwa kutoka upande wa wenzake. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mzee wa Gilgil: Hilo linaniuma hata mimi, na sitalitetea. Lakini lilikuwa kosa la mawasiliano, si la Katiba.

Wakili Mwanafunzi: Kwa heshima, mzee, hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Jeshi la Ulinzi ya mwaka 2012 inasema kwamba jeshi linapotumwa kurejesha amani chini ya aya ya (c), Inspekta Jenerali wa Polisi ndiye msimamizi wa operesheni nzima. Hivyo kuchagua kati ya (b) na (c) si mchezo wa herufi, kwa sababu kunahusu pia nani atatoa amri askari anapokutana na kijana mwenye chupa ya maji na bendera. Kijana huyo, akiwa hana silaha, yumo chini ya Kifungu cha 37 cha Katiba, kinacholinda haki ya kuandamana kwa amani.

Mwana wa Eldoret: Mbona mnahangaika? Jaji Mugambi alilirudisha jeshi kambini wiki ileile, kesi ikaisha.

Wakili Mwanafunzi: Hapana, ndugu yangu. Chama cha Mawakili kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 27 Juni jaji alikataa kusimamisha hatua hiyo. Alichoamuru ni serikali itangaze, ndani ya siku mbili, askari watakuwa wapi, kwa muda gani na kwa utaratibu upi. Kwa maoni yangu amri hiyo ilimuumbua waziri kuliko vile ambavyo katazo lingefanya, kwani ilidhihirisha kwamba jeshi lilikuwa limetumwa nchi nzima bila mpaka wala kikomo.

Mwana wa Eldoret: Basi nilisikia vibaya. Hata hivyo, mawakili wa Nairobi hawakupiga kelele za namna hii jeshi lilipopelekwa Bonde la Ufa mwaka 2023 kuwaandama majangili. Au ghasia ni ghasia pale tu zinapofika Barabara ya Bunge?

Bi Mkubwa wa Likoni: Jangili ana bunduki, mwanangu. Mwanafunzi wa chuo ana simu.

Mwana wa Eldoret: Na aliyechoma sehemu ya Bunge alitumia simu?

Msomaji wa Kisauni: Aliyechoma akamatwe, na polisi wanatosha kumkamata. Nawarudisha kwenye tarehe. Uchunguzi wa BBC uliotoka Aprili 2025 ulidai kumtambua mwanajeshi miongoni mwa waliowafyatulia risasi waandamanaji hapo Bungeni tarehe 25. Ikiwa madai hayo ni kweli, basi kura ya tarehe 26 ilikuwa ikiidhinisha watu ambao tayari walikuwa wamefyatua. Mzee, wewe uliyewahi kuamriwa, askari huyo alikuwa chini ya amri ya nani mchana ule?

Mzee wa Gilgil: Ya afisa wake.

Msomaji wa Kisauni: Na afisa wake alikuwa chini ya aya ipi?

Mzee wa Gilgil: Mimi bado nangoja huyu mama aniombe radhi kwa neno la ndoo.