Ziro ya mtoto ni ya nani? Familia, shule na matokeo ya kidato cha nne

Chaki Nyeupe (mtoa mada)

Wakuu, salaam. Nafundisha Historia na Kiswahili kwenye shule ya kata huku Kanda ya Ziwa, huu mwaka wa kumi na nne. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu kikao cha wazazi kilichopita.

Kikao kilikuwa cha kusoma matokeo ya kidato cha nne. Wazazi zaidi ya 150 waliitwa, wakaja 41. Mkuu wa shule akasimama na karatasi: divisheni wani mmoja, tuu wanne, halafu foo na ziro, yaani waliofeli kabisa, mpaka ukurasa ukaisha. Baada ya hapo ukafuata wimbo wetu ule ule: "Wazazi hamjali." Nami nikatikisa kichwa kuunga mkono, maana wimbo huo nimeuimba miaka yote.

Akasimama mama mmoja, muuza dagaa. Binti yake alikuwa kwenye orodha ya ziro. Akasema yeye hajui kusoma, ila kila jioni kwa miaka minne alifungua daftari za mwanawe akahesabu tiki nyekundu. Tiki zilikuwa nyingi. Akajua mtoto anakwenda vizuri, akamwondolea kazi za ndani ili asome. "Sasa walimu, zile tiki zilikuwa za nini?"

Tukaangaliana. Zile tiki ni za notisi. Mwanafunzi ananakili ubaoni, mwalimu anapita anaweka tiki kuonyesha kwamba amekagua, ili siku wathibiti ubora, wale wakaguzi wa shule, wakija wakute daftari zina wino mwekundu. Hazisemi chochote kuhusu mtoto ameelewa nini. Mzazi aliyepita sekondari hilo analijua, anaziruka tiki na kuomba karatasi ya jaribio. Yule mama hakujua, na kwa miaka minne hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kwamba familia ina nguvu kubwa katika matokeo ya sekondari, sibishi. Ninachobisha ni kuitaja familia kama kosa la mtu. Mara nyingi ni muda, ni chumba, ni lugha, ni kujua mambo ya shule yanavyokwenda. Darasani kwangu kuna wawili wanakaa dawati moja. Mmoja baba yake ni mwalimu mwenzangu, nyumba yao iko nyuma ya shule. Mwenzake anatembea saa moja na nusu kuja, saa moja na nusu kurudi, na akifika kuna maji ya kuchota na mdogo wa kubeba. Mwaka wa masomo una siku 194. Pigeni hesabu: kwa miaka minne huyo mtoto anaacha barabarani saa zaidi ya 2,300. Ukizigawa kwa vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku, ni zaidi ya miaka miwili ya darasani. Halafu wote wawili wanafanya mtihani mmoja, siku moja.

Karibuni tubishane, ila kwa heshima.

Mzee wa Koroboi

Mwalimu, na wewe umeingia kwenye kulialia. Baba yangu alikuwa anaweka dole gumba, mama yangu ndiyo usiseme. Nimesomea koroboi mpaka masizi puani. Nikapata wani ya pointi 12. Watoto wa leo wana umeme vijijini wa REA, tangu 2016 hawalipi ada, na bado wanafeli. Jioni wako kibanda umiza wanaangalia mpira wa Ulaya. Huruma ndiyo inayowamaliza.

Mama Wawili

Mzee wangu, shikamoo. Naomba nikuulize kidogo tu: sekondari ulikuwa unalala wapi?

Mzee wa Koroboi

Marahaba. Bwenini, Tabora. Kwani vipi?

Mama Wawili

Basi koroboi uliiacha darasa la saba, mzee wangu. Kidato cha kwanza mpaka cha nne uliamshwa na kengele, ukanywa uji wa serikali, ukala maharage ya serikali, usiku ukaenda prepu kwenye taa za serikali. Hukuchota maji wala hukubeba mdogo. Serikali ndiyo iliyokuwa mzazi wako, na ilikuwa mzazi mzuri kweli. Siipunguzi wani yako, uliitolea jasho. Ila ushahidi wako unaonyesha kwamba mtoto wa maskini akiondolewa mzigo wa nyumbani anafaulu. Ndicho anachosema mwalimu.

Na hiyo Tabora ina historia yake. Waingereza waliifungua miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Ukoo ndio uliokuwa sifa ya kuingia, alama zilikuja baadaye. Hata Mwalimu Nyerere aliyesoma pale alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Kwa hiyo tusijifanye swali la familia limeletwa na wanaharakati wa juzi, lilikuwepo tangu msingi wa jengo.

Halafu enzi zenu waliochaguliwa walikuwa wachache. Ulipokuja ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) mwaka 2004, na shule za kata zikafuata kama uyoga, watoto wengi waliingia sekondari, jambo jema. Lakini wanalala kwao. Kila asubuhi mtoto anaingia darasani na nyumba yake mgongoni.

Ya ada nayo: iliyofutwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare, viatu, madaftari, mahindi na maharage ya chakula cha mchana vinaipita hiyo mara kadhaa. Na asiyeleta mahindi, mchana wenzake wakipanga foleni ya makande yeye anakwenda kukaa chini ya mti. Kipindi cha saa nane atasikia nini?

Nimalizie na langu. Naishi Mbagala, watoto wangu wawili wamesoma ingilishi midiamu na Jumamosi wana tuisheni. Najua ninachonunua. Walipofika kidato cha kwanza, Biolojia kwa Kiingereza haikuwashtua. Mtoto wa jirani aliyesoma Kayumba, yaani shule ya msingi ya serikali, mwenye akili kuliko wangu wote wawili, alitumia mwaka mzima kutafsiri swali kabla ya kulijibu.

Pembe Tatu

Mtoa mada, mimi ni mwalimu mwenzako, Fizikia na Hesabu, na nakupinga. Nakuheshimu ila nakupinga, pamoja na mama wa Mbagala.

Mnaijadili familia kwa sababu shule mmeshaisamehe. Kwetu tuna wanafunzi 400 na mwalimu wa Fizikia ni mmoja, ndiye mimi. Nikienda semina wiki mbili, mtoto wa mganga mkuu na mtoto wa mkulima wa dengu wote wanakaa bila Fizikia. Ni familia gani inayofundisha mwanga na vioo mezani wakati wa kula?

Mwaka 1966 kule Marekani, James Coleman na wenzake walipima wanafunzi zaidi ya laki sita, wakasema asili ya familia inaeleza tofauti za ufaulu kuliko vifaa vya shule. Dunia nzima ikaimba hivyo. Miaka ya 1970 Stephen Heyneman akaja hapa jirani, Uganda, akakuta sivyo. Mwaka 1983 yeye na William Loxley wakalinganisha nchi 29 na kuona kwamba kadiri nchi ilivyo maskini, ndivyo shule na mwalimu wanavyobeba uzito kuliko nyumbani. Walipima zaidi shule za msingi, najua, lakini maana yake iko wazi. Mahali ambapo shule haina kitabu, kikiletwa kitabu na mwalimu tofauti inaonekana, hata kama baba hajui kusoma.

Na mnakumbuka matokeo ya 2012? Yalitangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa ziro. Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, Mei matokeo yakafutwa na kupangwa upya, ufaulu ukapanda. Niambieni, kati ya Februari na Mei wazazi wa Tanzania walikuwa wamebadilika?

Kijiwe Namba Nane

Namjua mtoto wa bosi alipata ziro ya pointi 35, yaani F kila somo. Tuisheni alikuwa anapelekwa na gari. Sasa hivi yuko Malaysia anasoma biashara. Familia haikumpa akili, ila ilimpa mlango wa pili. Wetu akipata ziro anapewa funguo za bodaboda ya tajiri.

Chaki Nyeupe

Kijiwe, umenichekesha, halafu nikaacha kucheka.

Pembe Tatu, Heyneman nakubali, ila malizia hadithi. Waliorudia hesabu ile kwa takwimu za miaka ya 1990 hawakuikuta tena kwa nguvu ile. Maelezo yao ni kwamba elimu ikishaenea na shule zikaanza kufanana, tofauti inahamia nyumbani. Sisi tumeshafika huko? Nusu nusu. Tumeeneza majengo, walimu hawajaenea. Kwa hiyo mtoto wa kwetu anapigwa mara mbili, shule dhaifu na nyumba isiyoweza kuziba pengo la shule. Mtoto wa mwalimu mwenzangu hana mwalimu wa Fizikia pia, lakini baba yake amempigia simu rafiki yake wa chuo, anafundishwa sebuleni.

Hata NECTA, Baraza la Mitihani, ilipoacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora Januari 2023, sababu mojawapo ilikuwa kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana. Nilidhani hapo ndipo mjadala ungeanza. Tulibishana wiki moja kuhusu shule binafsi kukosa matangazo, basi.

Binti wa Mikoroshoni

Nimesoma kimya, sasa naomba niseme. Nimezaliwa Tandahimba. Mwalimu, unasema tusiitaje familia kama kosa la mtu. Mimi nina mtu.

Kwetu umaskini haukuwa ule mnaouzungumzia. Baba alikuwa na mikorosho ya kutosha. Msimu ukifika, Oktoba mpaka Desemba, pesa ilionekana: pikipiki, redio kubwa, ngoma ya unyago ya kumcheza mdogo wangu iliyolisha kijiji siku tatu. Januari nikiomba godoro la kwenda nalo kupanga geto karibu na shule, pesa imeisha. Kila mwaka. Huo si ukosefu wa muda wala lugha. Huo ni uamuzi.

Na bibi yangu, Mungu amrehemu, usiku wa kuamkia mtihani wa darasa la saba aliniita jikoni akaniambia niweke majibu ya uongo. Nisifaulu. Nilifaulu kwa ukaidi, na nilimchukia bibi miaka mingi.

Tulipanga chumba wasichana wanne. Hakuna mtu mzima, tunapika wenyewe, kuni tunatafuta wenyewe, na wanaume wa pale wanajua chumba hakina mlinzi. Kabla ya kidato cha nne wawili walikuwa wamepata mimba na kufukuzwa. Ruhusa ya kurudi shule ilikuja Novemba 2021, wao walishakuwa mama wa watoto wakubwa. Nilipata divisheni tatu. Sasa nina binti wa darasa la sita, na bibi namwelewa. Alikuwa anakiona kile chumba kabla sijakipanga. Ila baba simwelewi mpaka leo.

Mzee wa Koroboi

Binti yangu, pole. Mimi na kelele zangu za koroboi sikuwahi kuchota hata kuni.

Pembe Tatu

Dada, simulizi yako inanirudisha kwenye shule. Bweni moja la wasichana, na hata baba yako na ngoma zake asingekuwa na la kukufanya.

Binti wa Mikoroshoni

Bweni nalo lilikuwa na mchango, mwalimu. Mchango unatoka kwa baba.

Chaki Nyeupe

Dada, hapo nimeshikwa. Niliandika kama vile mzazi mzembe hayupo, kwa sababu nilikuwa na aibu ya zile tiki. Yupo. Hata kwangu ninao watano sita ambao pesa ya dhahabu inapita mikononi mwao na mtoto hana kalamu. Nilichotaka kusema ni kwamba kwenye kikao tunawasomea wote hukumu moja, yule wa dhahabu na yule wa dagaa. Na wa dhahabu wala hafiki, kwa hiyo hukumu anaisikia wa dagaa peke yake.

Tangu siku ile nimeanza kuandika alama za jaribio kwa tarakimu kubwa nyuma ya daftari, kwa mfano 34 kati ya 100, na chini yake neno moja la Kiswahili. Anayejua pesa anajua tarakimu. Wanafunzi wangu ni 180, inanimaliza usiku wa Ijumaa.

Mama Wawili

Na yule binti wa tiki yuko wapi?

Chaki Nyeupe

Anarisiti, anarudia mtihani. Asubuhi anamsaidia mama yake kuanika dagaa, jioni anakuja kwangu na wenzake watatu. Historia anaijua kuliko nilivyodhani, ila Kiingereza chake hakitoshi kuiandika.

Binti wa Mikoroshoni

Mwalimu, swali la mwisho. Wazazi 150, wakaja 41. Kikao kilikuwa siku gani?

Chaki Nyeupe

Jumanne, saa nne asubuhi. Ndiyo ratiba yetu siku zote.

Binti wa Mikoroshoni

Na mnada wa kwenu?

Chaki Nyeupe

Nimeshindwa kukujibu jana, nilitaka kwanza nifungue kitabu cha kumbukumbu za vikao. Vitatu vya mwaka jana na viwili vya mwaka juzi, vyote Jumanne. Mnada ni Jumanne. Kila mtu hapa anajua mnada ni Jumanne, hata mimi nyanya zangu nanunua huko nikitoka kazini. Leo asubuhi nimemwomba mkuu wa shule kikao kijacho kiwe Jumapili mchana watu wakitoka ibadani. Amesema atafikiria, ila walimu wataomba posho ya Jumapili na hiyo haipo kwenye bajeti.