Chembe za damu: leo nazitambua zote, mwezi ukipita zimeniponyoka

Swali
Habari wakuu. Najifunza kutambua chembe nyeupe za damu kwenye hadubini. Natenga siku nzima ya limfosaiti, natazama picha mpaka nashiba, kesho yake monosaiti. Siku hiyohiyo sikosei. Mwezi ukipita, nikiwekewa slaidi mpya, limfosaiti kubwa na monosaiti nazichanganya kama sijawahi kuziona. Niongeze picha?

Jibu 1
Picha zinatosha, mkuu. Shida ni hiyo siku nzima ya limfosaiti. Jibu unalo kabla hujaangalia, sasa jicho litafute nini? Zichanganye, na utaje jina kabla hujafunua jibu. Zikipishana ndipo tofauti inajitokeza: kiini cha limfosaiti huwa cha mviringo na mara nyingi kimejaa karibu chembe nzima, pembeni pamebaki ukingo mwembamba wa buluu. Cha monosaiti mara nyingi kimebonyea kama haragwe, ute wake unaozunguka kiini ni wa kijivujivu, pengine na vitundu.

Watafiti wa saikolojia, Kornell na Bjork, walijaribu jambo hili kwa kazi za wachoraji 12, wakachapisha mwaka 2008. Michoro iliyochanganywa iliwasaidia watu zaidi kumtambua mchoraji kwenye picha mpya kuliko iliyopangwa mchoraji mmoja mmoja. Cha kuchekesha, hata baada ya mtihani wengi walishikilia kwamba kupanga ndiko kulikowafaa. Huko kushiba kwako usikuamini sana.

Jibu 2
Naongezea: chora bila kutazama. Kutambua picha uliyokwisha kuiona ni rahisi mno, kuichora kwa kumbukumbu ndiyo kazi. Mwaka 1973 mtafiti Standing aliripoti kwamba watu walioonyeshwa picha 10,000 walizitambua kwa zaidi ya asilimia 80. Ila watafiti Nickerson na Adams, 1979, waliwaambia Wamarekani wachore sarafu yao ya senti moja kwa kumbukumbu, wengi wakachemsha.

Muuliza swali
Asanteni. Nichanganye aina zote tano?

Jibu 1
Anza na hizo mbili zinazokusumbua. Nutrofili ukishaona kiini chake kimegawanyika vipande vipande haikupi taabu. Tafuta slaidi za watu tofauti, zilizopakwa rangi kwa kukolea tofauti, la sivyo utakariri rangi. Rudia kesho, kisha wiki ijayo, kisha mwezi. Besofili kazitafute kwenye picha tu. Kwa kawaida hazifiki hata asilimia 1 au 2 ya chembe nyeupe, utachoka kuzisubiri kwenye slaidi.