Naomba ushauri: baiskeli Mwenge hadi Posta, ofisini hakuna bafu

Wakuu, heshima mbele. Njia ni kama kilomita 10, na ofisini kuna sinki tu. Ya msingi nayafuata: kutoka kabla ya saa 12 na nusu, kukanyaga taratibu kilomita 2 za mwisho, begi kwenye keria badala ya mgongoni, kisha dakika 10 mbele ya feni kabla ya kubadili shati. Ukivaa shati safi mwili ungali na moto, jasho linaendelea kutoka na kazi yote imeharibika. Halafu kitambaa chenye sabuni kidogo: kwapa, shingo, kinena, kisha kingine cha maji matupu, maana sabuni ikibaki inawasha.

Nilipokwama ni hapa. Shabu (lile jiwe la chumvi la kukata harufu ya kwapa) ipakwe usiku baada ya kuoga, au asubuhi kwapa likiwa na majimaji? Pia fulana ya poliesta, hata ikifuliwa vizuri, ikipata joto tu inarudia harufu. Kuiloweka nusu saa kwenye siki nyeupe, kikombe 1 kwa vinne vya maji baridi, kunatosha? Au nihamie pamba, ambayo kwa unyevu wa Dar haikauki hadi jioni? Na fulana mbichi mnaianika wapi ofisini bila kusemwa?