Tupeane uzoefu: mliowahi kuziba wenyewe bomba linalovuja chini ya sinki

Fundi wa Jumapili: Leo nimekuta kabati la jikoni limelowa, nikakumbuka mapambano yangu ya awali na bomba hilo hilo. Safari ile nilikausha viungo vyote, nikavizungushia karatasi laini, kisha nikajaza sinki na kuyaachia maji yote kwa mkupuo. Karatasi iliyowahi kulowa ndiyo iliyonionyesha nati yenye kasoro. Wenzangu mlifanyaje?

Mama Mapacha: Kwangu ulikuwa mpira wa ndani ya nati tu, umekakamaa na kupasuka.

Kalamu Nyeusi: Mimi huzungushia uzi wa nati tepu nyeupe, na sijawahi kulala na ndoo chini ya sinki.

Spana Mkononi: Ndugu, tepu hiyo ni ya viungo ambavyo uzi wenyewe ndio unaozuia maji. Katika nati hizi za plastiki kinachozuia maji ni mpira, na ule uliochongoka huwekwa upande mwembamba ukielekea kwenye bomba linalopokea.

Kalamu Nyeusi: Mpira wangu na tepu yangu wanaishi kwa amani, usiwaachanishe.

Jirani Mwema: Mnabishania tepu, ilhali mimi nilinusurika upofu. Sinki lilikuwa limeziba na linavuja, nami nikaingia chini ya kabati kufungua kile kipande kilichopinda, bila kujua kwamba asubuhi mtu wa nyumbani alikuwa amemimina dawa ya kuzibua yenye soda kali. Nati ilipolegea tu, maji yaliyosimama juu yakashuka kwa kishindo, yakanimwagikia mkononi na kunirukia kwenye jicho la kushoto. Ngozi ikaanza kuteleza kama iliyopakwa sabuni, kisha ikawaka moto. Nilitambaa hadi bafuni nikakaa chini ya maji yanayotiririka, nikilishikilia jicho wazi kwa vidole, huku mke wangu akitafuta usafiri wa kunipeleka hospitali.

Mama Mapacha: Pole sana. Jicho linaona?

Jirani Mwema: Linaona, namshukuru Mungu. Siku hizi nauliza nyumba nzima kabla ya kugusa spana.

Mpita Njia: Shemeji yangu alifungua kipande hicho, akakinga maji kwenye ndoo, kisha akaimwaga ndoo kwenye sinki lile lile. Alioga palepale.

Kalamu Nyeusi: Kaza nati mpaka igome.

Spana Mkononi: Ukifanya hivyo plastiki itapasuka. Kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko kwa spana, basi.

Fundi wa Jumapili: Nimekaza hivyo, lakini matone bado yanaonekana hata maji yakiwa yametulia ndani ya sinki lililozibwa.

Spana Mkononi: Basi acha nati za chini. Kagua pale kichujio kinapokutana na tundu la sinki; kifungue, ukwangue puti ya zamani yote, upake mpya.