Faili la .pyc limekataa kwenye kompyuta ya dukani Kizingitini

Mzani_wa_Kizingitini
Assalaam aleikum waungwana. Ami yangu hununua samaki na kambakoche hapa Kizingitini, na hesabu zake zote zilikuwa za daftari. Nimemwandikia skripti, programu fupi ya lugha ya Python: watia jina la chombo, aina na kilo, yenyewe yatoa mafuta na barafu aliyokopeshwa nahodha, kisha yakwambia alipwe ngapi. Kwenye laptopu yangu ya Ubuntu 22.04 yaenda vizuri. Ya dukani ni Windows 7, na ami hataki kusikia habari ya kuibadilisha maadamu yawaka. Python iliyokubali kuingia humo ni 3.8, zaidi ya hapo hapana.

Mwenzangu kanambia nisipeleke msimbo mtupu, nipeleke uliokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa maagizo ya kompyuta, ndio wendao mbio na hakuna wa kuuchezea. Nikafungua folda ya `__pycache__`, nikakuta `bei.cpython-310.pyc`, nikaitia kwenye flashi. Dukani yanijibu: `RuntimeError: Bad magic number in .pyc file`. Tena `mzani.py`, ambayo ndiyo skripti yenyewe, haina .pyc kabisa. Kwa nini?

fundi_wa_Mokowe
Wa aleikum salaam. Jina la faili lishasema: cpython-310. Hiyo ni baitikodi, yaani maagizo ya ndani, ya Python 3.10, nawe waipa 3.8. Kila .pyc huanza na namba ya kutambulisha toleo lililoitengeneza, kwa sababu baitikodi hubadilika toleo hata toleo. 3.8 ikiona namba isiyo yake hukataa hapo hapo. Na heri ikatae kuliko kupiga hesabu za kilo za watu kwa maagizo isiyoyaelewa.

Usiione .pyc ukadhani ni .exe, programu kamili ya Windows. Python husoma msimbo wako, huugeuza baitikodi, kisha mashine yake ya ndani ndiyo hutekeleza. `__pycache__` ni akiba tu, ili isigeuze tena kile kile kesho. Kuanza kutakuwa kwepesi kidogo. Hesabu zenyewe zaenda mwendo ule ule. Na kinachowekewa akiba ni kile kinacholetwa kwa `import`, amri ambayo faili moja huita jingine. Ndiyo maana `bei.py` inayo na `mzani.py` haina: skripti unayoiita mwenyewe hugeuzwa upya kila mara, na matokeo hayaandikwi diskini. Habari ya kuficha msimbo iache, mwenye nia ataifungua .pyc.

Peleka .py zote mbili, `__pycache__` ibaki nyumbani. 3.8 itajitengenezea yake.

Mzani_wa_Kizingitini
Nimezipeleka. Sasa yasema `SyntaxError: invalid syntax`, kwenye mstari wa `match aina:`. Laptopu hailalamiki!

BintiMkomani
`match` imekuja na 3.10, Oktoba 2021. Kwa 3.8 hilo ni neno geni. Andika hivi:

```
if aina == "koche":
    bei = bei_koche
elif aina == "pweza":
    bei = bei_pweza
```

Na kabla hujapanda boti na flashi tena, weka 3.8 kando ya 3.10 kwenye laptopu yako kwa pyenv, chombo cha kuweka matoleo kadhaa ya Python pamoja, uijaribu hapo hapo ulipo.

fundi_wa_Mokowe
Kweli kabisa. Akija mtu akakwambia PyInstaller: ni kitu kizuri, hufunga skripti pamoja na Python yenyewe, lakini ukiiendesha Ubuntu utapata programu ya Linux. Ya Windows hutengenezwa kwenye Windows. Mimi kwa duka moja nisingejisumbua. Tengeneza `mzani.bat`, faili la amri za Windows, ya mistari miwili, ami abonyeze basi:

```
python mzani.py
pause
```

Usiisahau `pause`, dirisha litajifunga kabla hajasoma. Jambo jingine: 3.8 iliachwa kutunzwa mwaka 2024, na Windows 7 kabla yake. Kompyuta hiyo isiguse intaneti.

Mzani_wa_Kizingitini
Imekubali, Mungu awalipe. Ila jana alipimiwa pweza kilo 1.1 na 2.2, ikaandika jumla 3.3000000000000003. Ami auliza hiyo 3 ya mwisho ni ya nani.

BintiMkomani
😂 Si ya mtu. Kompyuta huhifadhi desimali kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na 1.1 haiingii humo ikatimia. Weka uzito kwa gramu, namba kamili, ugawanye kwa 1000 wakati wa kuchapa. Na pesa vivyo hivyo, kwa senti.