Naomba ushauri: konokono wa kulisha bunju

Assalaam alaykum jamaa zangu. Nipo Wete, nafuga bunju wanne, wale samaki wanaojivimbisha, wa maji baridi (yasiyo ya chumvi) kwenye tangi la kioo. Meno yao hayaachi kukua, lazima watafune gamba gumu. Konokono nawazalisha kwenye beseni la maji ya mvua, nawapa mchicha uliochemshwa. Kutaga wanataga sana, lakini magamba yao meupe, membamba. Ukibana kwa kidole yanapondeka kama ganda la njugu. Nimetia maganda ya mayai yaliyotwangwa, wiki ya tatu hii, sioni tofauti. Kuokota wa mtoni sithubutu, kichocho nakijua: mdogo wangu aliwahi kukojoa damu.

Je, nihamie maji ya kisima, au nitie vipande vya tumbawe? Na kiasi gani kwa lita 20?