Ushauri: nilipie linki 500 za komenti au niachane nazo?

MtuWaSipi
Habari zenu wakuu. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Sipi, Kapchorwa, Uganda, na tovuti ya WordPress ninayoiandika mwenyewe: njia za kwenda kwenye maporomoko, kahawa ya arabika ya Mlima Elgon, usafiri kutoka Mbale. Wageni huja kwa kuambiana, ila Google hainijui kabisa. Kuna kijana anataka shilingi 250,000 aniwekee linki 500 kwenye komenti za blogu za watu, eti nitafika ukurasa wa kwanza. Nimejaribu kukomenti mwenyewe kwenye blogu za wasafiri, nyingi hazitokei. Nimlipe?

FundiTovuti
Ssebo, hiyo hela nunua magodoro.

Januari 2005 Google walileta alama ya "nofollow" kwa sababu ya watu kama huyo kijana. Google huhesabu linki kama kura kwa tovuti yako, ila yenye alama hiyo kwa kawaida haihesabiwi, na WordPress inaibandika alama yenyewe kwenye linki za komenti. Kwa macho huioni, imo kwenye kodi ya ukurasa. Mwaka 2019 wakaongeza "ugc", ya vitu vinavyoandikwa na wasomaji, wakasema kuanzia hapo alama hizi watazichukua kama dokezo, si amri. Wauza vifurushi vya linki wakalidandia neno "dokezo" hadi leo. Hawakwambii kwamba Aprili 2012 Google walitoa Penguin, badiliko la namna wanavyopanga matokeo ya utafutaji, na tovuti zilizojazwa linki za hila zikaporomoka.

Kuhusu komenti zako kupotea: uliweka linki ngapi ndani? WordPress ikiachwa ilivyo, komenti yenye linki 2 au zaidi inasubiri mwenye blogu aipitishe. Wengi pia wana Akismet ya kuchuja takataka. Na kama pa jina uliandika jina la nyumba ya wageni badala ya lako, ulijichongea, maana inaonekana tangazo.

Nalongo_Jinja
Fundi kasema kweli, ila asimkatishe mtu tamaa. Komenti zinalipa, tena sana, ila malipo yake hayatoki Google.

Mimi naandika mapishi. Dada mmoja wa Nairobi aliweka makala ya luwombo, kile chakula kinachopikwa ndani ya majani ya ndizi, wasomaji wakawa wanalalamika kwamba majani ya ndizi yanapasuka. Nikaeleza kwamba jani linapitishwa kwanza juu ya moto hadi lilegee, na ule uti mgumu wa katikati unapunguzwa kwa kisu. Sikuweka linki yoyote. Akanijibu, akauliza la matoke, tukazoeana. Baadaye aliandika makala nyingine na kunitaja humo ndani, na linki juu. Hiyo ya ndani ya makala ndiyo yenye uzito, maana mwenye blogu kaiweka kwa hiari yake.

Wewe kaka unaijua Sipi kuliko hao wanaoiandika baada ya kulala usiku mmoja. Mtu akiandika kwamba njia iliteleza akaanguka, mwambie Desemba hadi Februari kunakuwa kukavu. Chagua blogu chache, usome makala yote kwanza. "Nice post" iachie roboti.

Kaka_Arua
Yote hayo ni ya mwenye muda. Nyumba yako ipo kwenye ramani ya Google? Jisajili pale, ni bure, kisha wageni wakiondoka waombe waandike walivyoona. Komenti baadaye.

FundiTovuti
Hapo Kaka umenena. Mgeni mwenye simu anafungua ramani kwanza.

MtuWaSipi
Nashukuru wote. Kwenye ramani nipo, ila picha ni za zamani, kabla ya kuezeka upya. Kijana nitamwambia hapana. Nalongo, ile sehemu ya kujaza anwani ya tovuti kwenye komenti, niiache wazi?

Nalongo_Jinja
Ijaze, ndiyo kazi yake. Ndani ya maneno ndiyo usiweke kitu. Na ukijibiwa, rudi ujibu, usipotee.